Ethi mbili zisizounganishwa: kisa cha mnara wa redio ya ridhaa kwenye mwamba wa Mwanza

Mwishoni mwa Machi, masika yakiwa yameshika, nilipigiwa simu na mwalimu mstaafu anayeishi kwenye mojawapo ya vilima vya Mwanza, akaniomba nipande kwenda kumtazamia kituo chake cha redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara. Usiku wa kuamkia siku ile, saa tisa na dakika chache, radi ilikuwa imepiga pale nyumbani. Mnara ulibaki umesimama, antena ilikuwa nzima, na hapakuwa na tofali hata moja lililopasuka. Hata hivyo, redio yake ya kupokea na kurusha, kifaa cha kuilisha umeme na kompyuta vilikuwa vimeungua, na mbuzi wa jirani, aliyekuwa amefungwa hatua chache kutoka kwenye nanga ya waya mmoja wa mnara, alikutwa amekufa. Nimeona vyema kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu Mwalimu hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ametumia fedha na akili, akaweka kinga ya radi kabla hata ya kurusha neno la kwanza hewani, na bado akapoteza vyombo vyake. Kosa lilijificha mahali ambapo mafundi wawili waliotangulia kufika hawakupatazama kabisa.

Kwanza mazingira yenyewe. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye ngurumo nyingi, na nyingi kati ya hizo hutokea usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa ya nchi kavu ikateremka kuelekea majini kutoka pande zote, ikakutana katikati na kuisukuma juu hewa yenye joto na unyevu iliyolala juu ya maji. Mawingu ya radi huanza kujengeka watu wakiwa wamelala, na mara nyingi huufikia ufuo karibu na alfajiri. Mtu anayeweka mnara Mwanza anapaswa kujua kwamba saa ya hatari ni ile ambayo hatakuwa macho kuchomoa nyaya.

Jambo la pili ni jiwe. Vilima vya Mwanza ni matale yaliyorundikana, na juu yake kuna tabaka jembamba la udongo wa kichanga, pengine mita moja, pengine kiganja tu. Mwalimu alilitumia jiwe hilo vizuri. Mnara wake ni wa pembetatu, umechomelewa kwa mabomba, una urefu wa mita 12, na unashikiliwa na nyaya za chuma katika ngazi mbili, kila ngazi ikivutwa pande tatu zilizoachana kwa nyuzi 120. Nanga zake ziko takriban mita 9 kutoka kwenye kitako cha mnara, yaani robo tatu ya urefu wake, na kila nanga ni chuma kilichozamishwa ndani ya tundu lililotobolewa kwenye mwamba na kujazwa gundi ya kugandisha. Nilipozijaribu nyaya, mvuto wake ulikuwa kama inavyotakiwa, karibu sehemu ya kumi ya uwezo wake: waya wa kukatika kwa kilo 1,800 hukazwa kwa kilo 180, kwa kuwa ukilegea mnara hutikisika na ukizidishwa huanza kuukandamiza mnara wenyewe. Hata vibano vya nyaya vilikuwa vimewekwa sahihi, tandiko likikaa upande wa waya unaobeba mzigo na upinde ukibana upande wa ncha. Nalitaja hili kwa sababu minara mingi ninayoiona ina vibano vilivyogeuzwa, na waya hukatika hapo hapo penye kibano.

Upande wa vibali pia hakuacha pengo. Alikuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama yake ya kituo inayoanza kwa 5H, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, aliuliza kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuinua chuma.

Jiwe lile lile lililoushika mnara kwa uthabiti ndilo lililounyima umeme njia ya kutulia. Fimbo ya shaba ya kupelekea umeme ardhini, ambayo mafundi wetu huiita ethi rodi, yenye urefu wa mita 2.4, ikizamishwa yote katika udongo mzuri wenye unyevu hutoa ukinzani wa omu 40 hivi; omu zikiwa chache, umeme hushuka ardhini kwa urahisi zaidi. Katika udongo wa kichanga juu ya matale, ambao ukinzani wake unaweza kuwa mara kumi zaidi, fimbo hiyo hiyo hufikia omu 400. Fundi aliyemwekea Mwalimu ethi ya mnara alifika mwamba akiwa amezamisha nusu tu ya fimbo, akaikata iliyobaki kwa msumeno, akafukia na kuondoka. Tuliichimbua baadaye tukaikuta na ncha yake iliyokatwa, bado ina alama za meno ya msumeno.

Mafundi waliotangulia walitoa maelezo mawili. Wa kwanza alisema umeme uliingia kwa njia ya nguzo na nyaya za barabarani. Wa pili alisema uliingia kwa antena, kwa hiyo dawa ni kuongeza fimbo tatu pale kwenye mnara. Maelezo yote mawili yana mantiki, ila ushahidi haukuyakubali.

Nilianza na antena. Kabla ya kugusa chochote kingine nilichomeka redio yangu ndogo kwenye kebo ya Mwalimu, nikasikiliza megahezi 14.100, ambako vinara 18, yaani vituo vya kurusha ishara za kupimia usikivu, vya mtandao wa kimataifa wa waendeshaji redio ya ridhaa hupokezana zamu ya sekunde 10 kila kimoja, mzunguko mzima ukichukua dakika 3. Kila kinara hutuma alama yake kwa wati 100, kisha milio minne, wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1 na wa mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati. Kinara cha Tel Aviv, 4X6TU, kilisikika vizuri hadi kwenye wati 1. Antena iliyoungua au kebo iliyopasuka ndani haiwezi kusikia hivyo. Juu kabisa ya mnara, kwenye ncha ya bomba linalobeba antena, tuliona kidonda kidogo cha chuma kilichoyeyuka, ukubwa wa punje ya choroko. Basi radi iliupiga mnara kweli, na bado antena ilipona.

Kisha nikaifungua redio yake juu ya meza ya chakula, Mwalimu akinishikia tochi. Upande wa kuingilia antena, ambapo mtu angetarajia kuona uharibifu wa kwanza, koili na kapasita zilikuwa safi kabisa. Kizuia radi cha kebo, kile chenye kichupa kidogo cha gesi, ambacho Mwalimu alikuwa amekifunga chini ya mnara, nacho kilikuwa kizima na kilifanya kazi yake. Lakini kwenye ubao wa saketi, ile njia pana ya shaba inayoungana na waya hasi wa umeme ilikuwa imetoweka kwa urefu wa kidole gumba, ikaacha mstari wa kahawia uliochimbika kwenye ubao, na matone ya shaba madogo kama mbegu za ulezi yalikuwa yamegandia upande wa ndani wa kifuniko. Katika kifaa cha kulishia umeme, kilichoungua ni kiungo cha waya wa ethi, ule wa kijani na manjano. Katika kompyuta, ni tundu lililopokea waya kutoka kwenye redio. Kila mahali palipoungua palikuwa upande wa ethi, upande ambao sisi mafundi tumezoea kuuhesabu kuwa wa salama.

Nikamuuliza Mwalimu kuhusu friji na televisheni. Vyote vilikuwa vikifanya kazi, na mita ya LUKU nayo ilikuwa ikihesabu yuniti kama kawaida. Kama umeme ungeingia kwa nyaya za barabarani, vyombo hivyo vingekuwa vya kwanza kuumia, kwa kuwa viko karibu zaidi na mlango wake.

Jibu lilipatikana tulipozunguka nyumba. Mnara uko upande wa magharibi na ethi yake. Ethi ya nyumba iko upande wa mashariki, chini ya mita, umbali wa mita 22. Hakuna waya wowote chini ya ardhi uliounganisha ethi hizo mbili. Zilikuwa zimeunganishwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa juu ya meza ya Mwalimu. Ganda la nje la kebo ya antena lilikuja kutoka kwenye ethi ya mnara likaungana na bati la redio, na bati la redio, kupitia kifaa cha kulishia umeme na plagi ya miguu mitatu, likaungana na ethi ya nyumba. Redio ilikuwa imezimwa kwa swichi, lakini swichi haikati waya wa ethi.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi. Chukulia hata kwamba ethi ya mnara ingekuwa nzuri, ya omu 10, jambo ambalo kwenye jiwe lile ni ndoto: mkondo huo ungeinua mnara mzima, pamoja na udongo unaouzunguka, hadi volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali. Kwa muda huo mfupi mno, ethi ya nyumba, iliyo mita 22 kutoka hapo, inabaki karibu na sifuri. Tofauti hiyo hutafuta njia, na njia ya chuma iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Kizuia radi hakikuweza kusaidia, kwa sababu kazi yake ni kuzuia tofauti kati ya waya wa ndani wa kebo na ganda lake. Hapa ganda na waya wa ndani vilipanda pamoja. Friji ilipona kwa sababu ilikuwa na ethi moja tu. Ndege anayetua kwenye waya mmoja wa umeme hapati dhara lolote, ila akigusa nyaya mbili hufa papo hapo, na redio ya Mwalimu ilikuwa imegusa mbili.

Kwa sababu hiyo sikukubaliana na ushauri wa kuongeza fimbo tatu kwenye mnara na kuishia hapo. Fimbo hizo zingepunguza volti, ndiyo, lakini zingeiacha redio ikiwa daraja kati ya ethi mbili zilizotengana. Watu wengi huamini kwamba kinga ya radi ni kuipeleka radi ardhini na kuisahau. Ninavyoelewa mimi baada ya miaka ya kazi hii, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kila chuma ndani ya boma kinapanda na kushuka kwa pamoja, hata kama ethi yenyewe si nzuri sana. Kupunguza omu ni jambo la pili.

Kabla ya kuanza kazi palikuwa na suala la majirani. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao chini ya mwembe, na mama mwenye mbuzi akasema waziwazi kwamba mnara unavuta radi na ung'olewe. Mtu mwingine alikumbusha Kiryandongo, Uganda, ambako tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wakiwa darasani katika shule ya msingi ya Runyanya. Sikuona sababu ya kuwabeza. Ukweli ni kwamba mnara wa mita 12 huzipokea radi ambazo zingeanguka ndani ya eneo la takriban mita 36 kuuzunguka, na nyumba ya mama yule iko mita 25. Hauziiti radi kutoka ziwani, ila zile zilizokwisha kufika juu ya mtaa huupata mnara kwanza kabla ya bati lake. Hilo linaweza kuwa kinga kwake, kwa sharti moja, kwamba umeme ukishashuka usitapakae ovyo kwenye uso wa ardhi. Na hapo ndipo mbuzi alipofia. Waya wa mnara uliishia kwenye nanga ya jiwe, haukuwa na njia ya kwenda chini, kwa hiyo mkondo ulitambaa juu ya udongo uliolowa. Mnyama wa miguu minne akisimama hapo, miguu ya mbele ikiwa karibu na nanga na ya nyuma ikiwa mbali, volti kati ya miguu hiyo hupita moja kwa moja kifuani. Mwalimu aliahidi mbele ya kikao kumlipa mama yule mbuzi wake, nami nikaomba ruhusa ya kuikagua nyumba yake pia. Tulikuta waya wa ethi wa nyumba ile ukining'inia hewani kwenye ukuta, kimo cha goti; fimbo yenyewe ilikuwa imeng'olewa na wezi wa shaba siku nyingi, na watoto walikuwa wakipita hapo kila siku.

Wizi huo ndio ulioamua vifaa vyetu. Shaba iliyofukiwa Mwanza hailali chini muda mrefu kabla ya kuuzwa kwenye vyuma chakavu, kwa hiyo kazi yote ya nje tuliifanya kwa ukanda wa chuma cha mabati wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3. Ukanda bapa una faida nyingine pia. Mkondo wa radi hupanda kwa kasi kubwa mno, na kwa mkondo wa namna hiyo kila mita ya waya hujijengea volti zipatazo 20,000, hata waya uwe mnene kiasi gani. Ukanda mpana, mfupi, ulionyooka na usio na kona kali hupunguza kiasi hicho. Waya mwembamba uliokunjwakunjwa vizuri ukutani unapendeza macho lakini huzuia umeme mahali unapotakiwa upite.

Kutoka kitako cha mnara tulitoa mikono minne ya mita 12, ikifuata nyufa za udongo kati ya mawe, kina cha nusu mita palipowezekana na kiganja kimoja mahali jiwe lilipokataa. Tulizungusha ukanda mwingine kuizunguka nyumba nzima, tukaunganisha pete hiyo na ethi ya mita upande wa mashariki, pia na mnara upande wa magharibi kwa mikanda miwili. Kila nanga ya waya iliunganishwa pia. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba chumvi na mkaa husaidia. Ni kweli husaidia kwa msimu mmoja, kisha mvua huiosha chumvi na ile inayobaki hula chuma. Badala yake tulileta mzigo wa pikapu wa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huu umejaa mfinyanzi wa jamii ile ile ya bentonaiti inayouzwa kwa bei ghali kwa kazi hii hii. Unanyonya maji na kuyashika. Tuliushindilia kuzunguka ukanda wote kabla ya kurudisha mchanga juu.

Kando ya msingi wa mnara tulimwaga zege jipya lenye nondo ya mita 6 ndani yake, tukaichomelea nondo kwenye mguu wa mnara. Zege hunyonya unyevu na kuwa ethi lenyewe, jambo ambalo mhandisi Herbert Ufer alilitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kukinga maghala ya mabomu ya jeshi la Marekani kwenye ardhi kavu ya Arizona. Sharti ni nondo iungwe kwa chuma hadi kwenye mnara. Ikiachwa pengo la zege kati ya boliti na nondo, radi hulipasua zege hilo kwa kuruka ndani yake.

Ukutani, mahali kebo zote zinapoingilia, tulifunga bamba la shaba la sentimita 30 kwa 40, likaungwa kwa pete kwa ukanda mpana usiozidi urefu wa mita moja, na kati ya shaba na mabati tukaweka kipande cha chuma kisichoshika kutu ili metali hizo mbili zisilane. Kizuia radi kilihamishwa kutoka chini ya mnara kikafungwa juu ya bamba. Kebo ya antena, waya wa mota inayozungusha antena, na hata umeme wa kulishia meza ya redio, ambao sasa una kizuizi chake, vyote hupita kwenye bamba hilo kabla ya kugusa chombo chochote. Redio sasa ina ethi moja. Nilimsihi Mwalimu aendelee kuchomoa kebo pale kwenye bamba, upande wa nje, kila jioni anapofunga kituo, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoshinda hewa tupu ya nusu mita.

Kuzunguka nanga tuliweka uzio wa mita 3 na tabaka la kokoto la sentimita 15, kwa sababu kokoto kavu huzuia mkondo kupanda miguuni. Nyumba ya jirani ilipata ethi yake mpya, ya mabati, na kizuizi cha umeme kwenye ubao wa fyuzi. Fedha za kazi ya jirani alizitoa Mwalimu mwenyewe, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

Kipimo cha ethi ya mnara siku ya kwanza kilikuwa omu 310. Kazi ilipokamilika mwezi Aprili, mvua zikiendelea, kipimo kilikuwa omu 34. Tulirudia Agosti, udongo umekauka na majani yamekuwa ya rangi ya majivu, tukapata 52. Mwalimu aliviandika vipimo vyote kwenye daftari lake la kituo, akachora safu nyingine kwa ajili ya Novemba, akaenda kumwonyesha mama jirani. Mama yule hakusoma zile namba. Alituonyesha mbuzi mpya aliyemnunua kwa fedha ya fidia, ambaye sasa humfunga upande wa mpapai, mita 20 kutoka kwenye nanga iliyo karibu.